Kurudisha Distributa Mahali Pake

Katika mashamba ya Naitiri, na sehemu zote zilizo kati ya Kitale na Bungoma, bado zipo motokaa za zamani ambazo wenyewe hawakubali kuziuza kama chuma chakavu. Nyingine ni Land Rover za petroli, nyingine ni Peugeot 404, na nyingine ni Volkswagen zenye umbo la kobe. Nchi hii ilikuwa ya mashamba ya walowezi kabla ya uhuru wa 1963, kisha ikagawiwa wakulima Waafrika. Motokaa za namna hiyo ziliwahudumia wale na hawa pia.

Sifa zao si za bure. Katika mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena 1968, matope yalikuwa makali hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika 404. Tangu mwaka 2003 pamekuwapo pia mashindano ya Safari kwa ajili ya magari ya zamani peke yake.

Lakini motokaa iliyovuka matope ya Safari yaweza kushindwa kuondoka uani kwa sababu ya chombo kimoja kidogo kinachoitwa distributa. Mkulima aliyekwisha kushona magunia yake ya mahindi, na anayeona mawingu yakikusanyika, hana nafasi ya kungoja siku tatu. Mara nyingi fundi huitwa, naye huichomoa distributa upesi bila kuweka alama yo yote. Kuichomoa ni kazi ya dakika moja. Kuirudisha bila alama huweza kula siku nzima, na mahindi yakalowa. Kwa hiyo yafaa kila mwenye motokaa ya namna hii aelewe kazi yenyewe, hata kama hataifanya kwa mikono yake.

KAZI YA DISTRIBUTA

Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikiibana, husukumwa chini na moto, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Mambo hayo manne humaliza mizunguko 2 ya shafti kuu ya injini. Cheche ya plagi yatakiwa mara moja tu katika mizunguko hiyo miwili, hewa inapokaribia kubanwa kabisa. Distributa ndiyo inayoamua saa hiyo. Nayo huzunguka mara 1 kila shafti kuu izungukapo mara 2.

Ndani yake zimo pointi, ambazo zikifunguka koili hutoa umeme wenye nguvu. Juu yake ipo rota, ambayo huupeleka umeme huo kwenye waya wa plagi inayohusika. Katika Land Rover na Peugeot 404 zamu ya silinda ni 1-3-4-2; katika Volkswagen ya kobe ni 1-4-3-2. Angalia pia hesabu inaanzia wapi: Land Rover huhesabu silinda kutoka mbele, penye rejeta, lakini Peugeot huhesabu kutoka upande wa flaiwili. Wengi wamepotea hapo.

KABLA YA KUCHOMOA

Fungua waya wa betri. Funga kitambaa au karatasi yenye namba katika kila waya wa plagi. Ondoa kifuniko, uone rota inaelekea wapi, kisha kwaruza alama mahali hapo katika ukingo wa distributa. Weka alama nyingine moja inayopita katika mwili wa distributa na katika injini, ili ujue mwili ulivyokaa. Ikiwa distributa ina gia yenye meno ya mshazari, utaona rota inageuka kidogo unapoivuta. Weka alama ya pili mahali ilipoishia. Tangu hapo mtu ye yote asiizungushe injini.

Wakati wa kurudisha, anza na rota katika alama ya pili. Ikiingia itajigeuza yenyewe hadi alama ya kwanza. Katika injini nyingine gia hubaki ndani, na distributa ina ulimi usiokaa katikati. Hiyo huingia kwa namna moja tu, basi igeuze polepole mpaka uingie.

IKIWA ALAMA HAZIKO

Hapa ndipo panapohitaji akili. Weka gia katika neutro na uvute breki ya mkono. Toa plagi ya silinda ya 1, ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha mwenzako azungushe injini polepole kwa mkono, kwa upande inaoendea siku zote. Hewa ikisukuma kidole, ujue pistoni inapanda ikibana. Ondoa kidole, endelea kidogo tu mpaka alama ya puli au ya flaiwili ilingane na alama ya injini iliyotajwa katika kitabu cha gari.

Usitegemee alama hiyo peke yake. Pistoni ya 1 hufika juu mara mbili: mara ya kwanza ikibana hewa, mara ya pili ikimaliza kutoa moshi. Alama ya puli haijui tofauti. Kidole chako ndicho kinachojua. Mtu akirudisha distributa kwa mara ile ya pili, cheche zitatoka wakati usiofaa kabisa. Injini haitawaka, itakohoa katika kabureta au italipua katika ekzosi, na mwenyewe atadhani petroli ni mbaya.

Ukisha kupata mahali penyewe, ingiza distributa ili rota ielekee tundu la waya wa plagi ya 1. Ikikataa kushuka mpaka chini, usiipige nyundo, wala usiivute kwa kukaza bolti. Katika injini nyingi shafti hiyo ndiyo inayoendesha pampu ya oili, na ulimi wake huenda haujalingana. Itoe, geuza kidogo shafti ya pampu kwa bisibisi ndefu, kisha ujaribu tena. Panga nyaya kwa zamu ya silinda, ukifuata upande rota inakozungukia.

KUWEKA SAA

Safisha pointi na upime nafasi yake kwa geji. Katika Volkswagen ya kobe ni milimita 0.4. Rudisha waya wa betri. Chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili: mmoja uguse koili upande wa waya uendao kwenye distributa, mwingine uguse chuma cha injini. Washa swichi. Geuza mwili wa distributa kufuata mwendo wa rota mpaka balbu izime, kisha urudishe polepole kinyume chake. Papo hapo balbu inapowaka, pointi zimefunguka. Kaza bolti hapo, kisha zima swichi.

Kazi hii haitaki kubahatisha. Cheche ikichelewa mno, injini hukosa nguvu mlimani na kupata joto. Ikiwahi mno, injini hugonga kama nyundo ndogo inapobeba mzigo, na pistoni huweza kuharibika. Zaidi ya hayo, hendeli ya kuwashia huweza kurudi nyuma kwa ghafula na kuvunja mkono. Kwa hiyo ishike hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, uivute kwenda juu, wala usiisukume chini kwa uzito wa mwili.

Motokaa za siku hizi nyingi hazina distributa. Kazi yake hufanywa na vyombo vya elektroni. Kwa sababu hiyo vijana wengi wanaosomea ufundi hawapati nafasi ya kuishika. Wazee wenye motokaa hizi wangefanya vema kuwaita vijana wa nyumbani wasimame karibu kofia ya injini inapofunguliwa, wawape karatasi na kalamu waandike alama zote. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na kitabu cha gari. Siku magunia yatakapokuwa tayari na mvua i karibu, itafaa kuliko safari ya kumtafuta fundi hadi Kitale.