Kabla ya kuweka vinyunyizio uani, piga hesabu ya maji

Mvua za vuli zikishaaga mwezi wa Desemba, jua la Januari na Februari halina huruma kwa nyasi za Nairobi. Uwanja mdogo mbele ya nyumba, ambao juzi tu watoto walikuwa wakiuchezea mpira, hugeuka rangi ya gunia. Baba hutoka jioni na mpira wa maji, akasimama saa nzima akinyunyiza huku mbu wakimla miguu, na kabla ya wiki mbili kwisha amekwisha choka. Hapo ndipo wazo la vinyunyizio vya kujiendesha linapoingia nyumbani. Hapo pia ndipo wewe, msomaji, unapopaswa kuchukua kalamu na karatasi kabla hujamwita fundi.

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya vinyunyizio. Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni maji.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Nyasi za kawaida wakati wa kiangazi huhitaji takriban milimita 25 kwa wiki. Ikiwa uwanja wako ni mita 10 kwa mita 10, yaani mita mraba 100, basi utahitaji lita 2,500 kila wiki. Kwa wiki nne ni lita 10,000. Hiyo ni mitungi 500 ile ya lita 20, na kwenye mita ya maji ni yuniti 10 nzima. Kama nyumba yako imeunganishwa na bomba la majitaka, kumbuka kuwa ada yake hukokotolewa kutokana na maji yaliyopita kwenye mita. Utalipia majitaka kwa maji ambayo yamenywewa na udongo.

Sasa tazama tangi lako. Nyumba nyingi za mjini zina tangi la lita 1,000, nalo hujazwa siku ambayo zamu ya mtaa imefika. Bwawa la Ndakaini, ambalo lilikamilika mwaka wa 1994 na ambalo ndilo tegemeo kubwa la Nairobi, hubeba mita za ujazo milioni 70. Hata hivyo mji umelizidi, na tangu Januari 2017 mitaa mingi imezoea maisha ya mgao. Mzunguko mmoja wa kunyunyizia uwanja huo wetu humaliza zaidi ya lita 800. Ukisahau kufunga jioni, asubuhi watoto wataenda shule bila kuoga na mama hana maji ya chai. Katika nyumba ya aina hiyo, kwa maoni yangu, vinyunyizio vya kujiendesha ni chanzo cha ugomvi tu.

Kama una tangi kubwa, kisima, au hifadhi nzuri ya maji ya mvua, mambo ni tofauti. Paa la mita mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hukupa karibu lita 1,000, ukiondoa kidogo kinachopotea kwenye mifereji ya paa. Shida ni kwamba mvua huja wakati nyasi hazina haja ya maji, kwa hiyo bila tangi la kuyahifadhi hujafanya kitu.

Kisha kuna suala la msukumo. Vinyunyizio vile vinavyochomoza kutoka ardhini maji yakifunguliwa huhitaji msukumo sawa na wa tangi lililo mita 20 juu, yaani juu ya jengo la orofa sita hivi. Tangi lako la juu ya paa liko mita sita tu. Ukivipachika hapo vitatoa mate badala ya mvua. Kwa hiyo utahitaji pampu, na hapa wengi hudanganyika. Kibao cha pampu huandikwa lita nyingi kabisa inazoweza kutoa kwa dakika, na pia kimo kikubwa kabisa inachoweza kufikisha maji. Mnunuzi hudhani atapata vyote viwili kwa pamoja. La hasha! Maji yakifika kimo hicho cha mwisho, hakuna kinachotoka. Muulize muuzaji, kwa msukumo wa mita 25, pampu hii itanipa lita ngapi kwa dakika? Akikosa jibu, nenda duka la pili.

Pampu hiyo ivute maji kutoka tangini. Usikubali fundi aiunganishe moja kwa moja na bomba la kampuni ya maji. Kampuni haziruhusu, na zina sababu. Pampu ikivuta, jirani hukosa maji, na bomba likiwa na ufa hufyonza uchafu wa mtaroni ukaingia katika maji ambayo mtaa mzima utakunywa.

Kwa uwanja wa mita 10 kwa 10, mpangilio mzuri ni vinyunyizio tisa: vinne pembeni vya kurusha robo ya duara, vinne katikati ya kila upande vya kurusha nusu, na kimoja katikati cha kurusha pande zote. Kila kimoja kirushe hadi kilipo mwenzake. Fundi anayetaka kukupunguzia bei ataviweka mbalimbali, na mwezi wa pili utaona madoa makavu kama upara. Vyote tisa kwa pamoja hutaka karibu lita 56 kwa dakika, kwa hiyo vigawe katika laini mbili, kila moja na valvu yake. Dakika 15 kwa kila laini, mara tatu kwa wiki, zitakupa zile lita 2,500 tulizozipigia hesabu.

Udongo nao una usemi wake. Wakazi wa Karen, Runda na upande wa Kiambu wana udongo mwekundu unaokunywa maji vizuri. Lakini South C, Embakasi na Kitengela kuna udongo mweusi ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao huvunja mabomba magumu ya plastiki kwenye viungio. Huko tumia yale meusi yanayopindika, yanayouzwa yakiwa yamezungushwa kama kamba, na uyafukie sentimita 20 hadi 30 ili jembe lisiyakate. Udongo huo pia hunywa polepole. Zile dakika 15 zigawanye mara mbili au tatu, la sivyo maji yatatiririka hadi barabarani. Na kama kisima chenu kina maji ya chumvi, kama vile visima vingi vya Kitengela na Athi River, weka chujio na uzibue matundu mara kwa mara.

Haya, tuje kwenye pesa. Bei hutofautiana kati ya duka la mtaani na la Eneo la Viwandani, lakini kwa makadirio, ukinunua tangi la lita 5,000, pampu ya nguvu za farasi 1, vinyunyizio tisa, mabomba, valvu za umeme, saa ya kuziendesha na kumlipa fundi, usishangae hesabu ikigusa Sh100,000. Sehemu kubwa ni tangi na pampu. Vinyunyizio vyenyewe ni pesa kidogo. Ukiwa na tangi tayari na ukakubali kufungua valvu kwa mkono, waweza kupunguza karibu nusu. Na kuna njia ya tatu ambayo mafundi hawapendi kuitaja: mpira mrefu na kinyunyizio kimoja cha kuhamisha, ambavyo havifiki Sh5,000. Pampu bado utaihitaji kama bomba lako halina nguvu.

Kuna njia ya nne pia, nayo haina gharama. Nyasi za Kikuyu ni za nyanda zetu hizi za juu, na zimesafirishwa hadi Australia na California kwa sababu ni sugu. Kiangazi kikizidi hukauka juu lakini mizizi hulala hai, na mvua za Machi zikifika huchipuka upya. Maji machache uliyo nayo yapeleke kwenye sukuma wiki.

Ukiamua kuweka mfumo, mwambie fundi asifukie mtaro kabla hujauona ukifanya kazi. Panga makopo kumi hivi sehemu mbalimbali za uwanja, fungua maji alfajiri kabla ya upepo na jua, kisha baada ya dakika 15 kwa kila laini pima kwa rula ya mtoto. Kila kopo liwe na milimita nane hivi. Ukikuta moja lina tatu na lingine kumi na tano, fundi arudi kazini kabla ya kulipwa salio lake.