Slay queen: kwao sifa, kwetu tusi

Juzi hapa stendi Kibakwe dada mmoja kashuka kwenye basi na wigi jipya na miwani, kijana wa bodaboda akaropoka, "Slay queen huyo, kaja kuchuna watu!" Watu wakacheka. Mie nikabaki najiuliza, hivi jamaa anajua hilo neno limepita wapi?

"Slay" ni Kiingereza cha zamani, maana yake kuua. Waliolikuza likawa sifa ya kupendeza ni Wamarekani weusi na Walatino wa New York, wanaume wanaopenda wanaume na wale wanaovaa kike jukwaani. Kule Harlem walikuwa na mashindano yao ya mavazi na mwendo, yanaitwa ball. Wengi walishafukuzwa makwao, basi wakaunda "nyumba" zao, kila nyumba na mama yake. Ukipanda ukawafunika wote, ume-slay. Yaani umewaua bwana.

Filamu ya Paris Is Burning ya 1990 inaonyesha maisha hayo. Humo mkongwe mmoja wa jukwaa, Dorian Corey, anaelezea "shade": unamchoma mtu bila kumtukana waziwazi. Si mpasho huo jamani? Miaka ya 90 pale Dar, Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walirushiana vijembe kwenye taarabu, jina halitajwi na mlengwa anajua. Nadhani ndiyo maana shade haijashika sana huku, tulikuwa na yetu.

Slay ikapita. RuPaul's Drag Race ilianza kwenye TV ya Marekani 2009, Beyoncé akaimba Formation 2016, simu zikamalizia kazi. Ila ilipofika Johannesburg, Nairobi na Dar ikageuka. Slay queen akawa msichana anayependa makuu kwa hela za wanaume. Wale wa Harlem walidharauliwa, wakajipa neno la kujisifu. Sisi tumelichukua hilohilo tunamchapia msichana aliyependeza tu, na wigi lenyewe huenda kanunua kwa hela yake ya alizeti.

Sasa yule dada wa stendi. Hakuinamisha kichwa wala nini. Kamtazama kijana, kasema taratibu, "Kwenye hili wigi wewe umechangia shilingi ngapi kaka?"

Kijana kapiga kiki, kaondoka bila abiria.