Kuku Wanakaribia Kutaga? Jua Dalili Kabla Hujatoa Pesa

Kulisha kuku miezi minne na zaidi bila kuuza yai hata moja si mchezo. Ni pesa ya kutoka tu. Ndipo mfugaji huanza kukisia: huyu ananunua chakula cha kutagia mapema, yule anachukua mkopo akitumaini mayai yatalipa. Mwingine anaona tangazo la kuku "wanaoanza kutaga wiki ijayo" na kutuma pesa papo hapo.

Si lazima ukisie. Kiswahili kina jina la kuku jike aliyekaribia kutaga: mtetea. Mtetea hujionyesha mwenyewe, mradi ujue pa kuangalia.

Anza na umri

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20 hivi. Kienyeji walioboreshwa huchukua miezi mitano hadi sita, na kienyeji wa kawaida mara nyingi huchukua muda zaidi. Umri ni mwongozo tu, kwani kuku aliyelishwa vibaya au aliyeugua huchelewa.

Dalili tano za mtetea

1. Kilemba. Nyama ya kichwani na zile mbili zinazoning'inia chini ya mdomo hukua na kuwa nyekundu. Zikiwa bado ndogo na zimepauka, subiri.
2. Kuchuchumaa. Ukimgusa mgongoni hakimbii. Anainama na kutanua mabawa kidogo. Hii ni dalili nzuri sana, na mara nyingi yai la kwanza halipo mbali.
3. Nyonga. Mshike kwa upole, upapase mifupa miwili iliyo kando ya tundu la kutagia. Kwa kuku mchanga imekaribiana, hata kidole kimoja hakipiti vizuri. Ikipitisha vidole viwili au zaidi, amekaribia.
4. Tundu la kutagia. La kuku mchanga ni dogo na kavu. La anayekaribia kutaga ni pana na lina unyevu.
5. Tabia. Anakula zaidi, anapiga kelele za kutetea, anaingia na kutoka kwenye viota au kutafuta kona yenye giza.

Usitegemee dalili moja. Ukiona tatu au nne kwa pamoja, andaa viota, angalau kimoja kwa kila kuku watano. Ukichelewa watataga sakafuni, na mayai yatavunjika au kuchafuka.

Unanunua? Angalia kwanza, lipa baadaye

Mtetea ana bei kuliko kifaranga, kwa sababu mwenzako ameshabeba gharama ya kumlea. Hapo ndipo ujanja huingia. Wapo wanaouza kuku wa wiki 12 kama mitetea, na wapo wanaouza kuku waliochoka kutaga.

Kuku mzee ana kucha ndefu, miguu yenye magamba makavu na manyoya yaliyochakaa. Mtetea ana miguu laini na manyoya mapya yanayong'aa.

Kwa hivyo:

- Nenda mwenyewe, au mtume mtu anayejua kuku. Picha haipimi nyonga.
- Shika kuku kadhaa utakaochagua wewe, si wale unaopewa na muuzaji.
- Uliza rekodi ya chanjo, hasa ya Newcastle.
- Ukiambiwa "tuma deposit sasa hivi, kuna mteja mwingine", tulia. Haraka hiyo ni ya muuzaji, si yako.
- Unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama silo la unayemlipa, simamisha. Mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu.
- Hifadhi ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako.

Unafuga? Panga pesa ya kipindi cha katikati

Usikimbilie gunia lililoandikwa layers mash kuku wakiwa bado wadogo. Chakula hicho kina madini mengi ya kujenga ganda la yai, na yakizidi kwa kuku ambaye hajaanza kutaga huweza kuharibu figo zake. Kwa kuku wa kisasa, badilisha kwenye wiki ya 18 hivi, dalili zikianza kuonekana. Changanya kidogo kidogo kwa wiki moja.

Kumbuka pia kwamba kuku hawaanzi kutaga siku moja. Anaanza mmoja, wanafuata wawili, na mayai ya kwanza huwa madogo. Kundi huchukua wiki kadhaa kufika kilele.

Piga hesabu. Kuku 50 wakila gramu 120 kila mmoja kwa siku, hizo ni kilo 6. Kwa wiki nne ni kilo 168, karibu magunia mawili na nusu ya kilo 70. Chukua bei ya magunia hayo kwa agroveti wako, igawe kwa 12, kisha uweke kiasi hicho kwenye akiba ya simu kila wiki, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 17. Kuku wakianza kutetea, chakula kitakuwa kimeshalipiwa.

Na kama ni lazima ukope, usipange tarehe ya kulipa kwa kuhesabu trei ambazo hazijajaa. Subiri uone kuku wanatoa mayai mangapi kwa siku, kwa wiki mbili mfululizo, ndipo ujue mkopo utakaouweza.

Jioni ya leo, kabla hujafunga banda, shika kuku watatu upapase nyonga. Utajua kama ni wakati wa viota au bado ni wakati wa akiba.