Anakula Sana, Lakini Anakonda

Mtoto anayemaliza sahani yake na kuomba nyingine huwafurahisha wazazi. Ndiyo maana njaa ya kupita kiasi huchelewa kufikishwa hospitalini: mama huja kulalamika kwamba mtoto hataki kula, si kwamba anakula mno. Hata anapoanza kukonda, lawama hutupiwa minyoo, vidonge hununuliwa dukani, na juma jingine hupita.

Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, juma hilo ni refu mno. Kongosho lake halitoi tena insulini ya kutosha, homoni inayoiwezesha misuli kupokea sukari kutoka kwenye damu. Ugali na wali humeng'enywa kama kawaida, lakini sukari yake hubaki katika mishipa. Mwili huona njaa katikati ya shibe. Figo huimwaga sukari hiyo kwa mkojo, nayo huvuta maji, ndipo huja kiu na kukojoa mara kwa mara. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza upya, na aghalabu huambulia kukaripiwa.

Mwili ulionyimwa sukari huchoma mafuta yake wenyewe, na asidi za ketoni hujikusanya katika damu. Hapo njaa huweza kutoweka ghafla, nafasi yake ikachukuliwa na kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na pumzi nzito za harakaharaka. Kutoweka huko si nafuu. Ni hatari iliyokwisha kuingia ndani. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini huko Toronto, Kanada, matabibu walikuwa na njia moja tu ya kurefusha kidogo maisha ya watoto hao: kuwanyima chakula. Leo tone moja la damu ya kidole latosha kumfumbua macho mhudumu, hata katika zahanati. Sukari ikifika milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, pamoja na dalili hizo, mtoto apelekwe hospitali siku ileile. Asiambiwe arudi kesho kupimwa kabla ya kula.

Si kila njaa ni kisukari. Mtu mzima anayekula sana na kukonda, huku moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na joto likimsumbua kuliko wenzake, achunguzwe tezi ya thairoidi. Anayekula sana na kunenepa aulizwe dawa anazotumia. Prednisoloni na deksamethasoni huongeza hamu ya chakula, na wapo wanaozinunua kiholela ili wanenepe, wasijue kwamba zinaweza kupandisha sukari. Aliyezitumia kwa majuma kadhaa asiziache ghafla bila kumwona daktari.

Njaa ya mgonjwa anayetumia insulini au glibenklamaidi ina maana tofauti. Ikimjia ghafla, pamoja na jasho na kutetemeka, huenda sukari imeshuka. Apime kama ana kipimo. Ikiwa chini ya milimoli 4, au kama hana kipimo, anywe mara moja sukari kiasi cha gramu 15, yaani vijiko vidogo vitatu hadi vinne vilivyokorogwa katika maji. Baada ya dakika 15 apime tena, arudie ikibidi, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe kituo cha afya.