Disiki mupya: tusiache kazi ya sendika ndani ya ile ya zamani

Katika biro nyingi za sendika huku Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ordinatere ni moja tu, na imezeeka. Inachukua dakika nyingi kuamka, disiki yake inapiga kelele, na umeme unaokatika kila mara unaimaliza. Ndiyo maana tunasikia kila fasi: tununue disiki mupya, SSD, ile isiyozunguka ndani. Ni wazo muzuri. Lakini tujue kwanza tunahamisha nini.

Wengi wanafikiri kuhama ni kukopia barua na liste ya wanachama kwenye flashi, basi. Hiyo ni nusu ya kazi. Programu haihami hivyo. Ukibeba folda yake na kuiweka fasi ingine, mara nyingi haitafunguka, juu vipande vyake vingine viliandikwa ndani ya Windows yenyewe. Inaomba kuwekwa upya, kwa faili yake ya kuanzishia na namba ya leseni. Namba hizo tuziandike kwenye karatasi leo, ordinatere ingali inafunguka.

Kiisha kuna mipangilio. Sehemu kubwa iko ndani ya folda inaitwa AppData, na Windows haiionyeshi mpaka uombe kuona vitu vilivyofichwa. Ndani yake muna kurasa tulizohifadhi katika Firefox, barua pepe za Thunderbird, na kamusi binafsi ya Word, ile tuliyojaza majina ya Ilunga, Kasongo na Mwamba ili Word iache kuyapigia mustari mwekundu. Tufunge programu zote, halafu tukopie folda hiyo nzima.

Njia ingine ni kukopia disiki yote kwa mara moja. Clonezilla inafanya hiyo kazi bila malipo. Kwa kawaida disiki mupya iwe sawa ao kubwa kuliko ya zamani. Tuangalie mara mbili ipi ni ipi: ukigeuza, ile tupu itafuta ile iliyojaa. Kwa hiyo kopi ingine itangulie, kwenye disiki ya inje, ilale nyumba ingine. Mwizi akiingia biro anabeba vyote.

Tunasema hivi juu ya watu. Mufanyakazi aliyeumia kwenye mugodi zamani anakuja leo kutafuta haki yake kwa CNSS, na pengine ripoti ya ajali iliyobaki ni ile ya kwetu. Ikipotea, yeye njo anapoteza.

Disiki mupya ikianza kazi, tusifute ya zamani haraka. Tufungue liste, tuprinte barua moja, tusome barua pepe. Ile ya zamani ikae mwezi muzima ndani ya kabati yenye kufuli. Halafu ifutwe kabisa ao ivunjwe, isiuzwe hivi hivi: kutupa faili kwenye kapu hakutoshi, na ndani yake muna majina ya wale waliolalamika. Majina hayo yakifika kwa mwajiri, mutu anaweza kupoteza kazi.

Wandugu wadelege, kwenye mukutano ujao tuulizane: kopi yetu iko wapi, na nani alishajaribu kuifungua?