Namba ya akaunti ndiyo inayouza, si picha

JUMAMOSI ya Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Saa chache baadaye picha za kuta zilizolala zilikuwa kwenye WhatsApp na Facebook, na walio mbali wakauliza: tuchangie wapi?

Hapo ndipo penye kazi. Mwezi ule ule Rais Magufuli aliwaondoa watendaji wawili kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Kwa lugha ya kiuchumi, shaka ni gharama: anayesita leo, kesho fedha yake imekwenda kwenye ada ya shule.

Kikundi cha wakulima wa kahawa Muleba, au wafanyabiashara wa soko la Bukoba, kinachomchangia mwenzao aliyeunguliwa nyumba kitumie akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, siyo simu ya mwenyekiti. Picha ya stakabadhi ya mabati haimlizi mtu, lakini humfanya mchangiaji atoe tena. Kila jioni mhazini atume kwenye kundi jumla iliyoingia na iliyotumika. Majina ya waliotoa si lazima, wengine hawapendi.