Mgeni njoo, mwenyeji apone: bustani za bahari Malindi na Watamu

WAHENGA walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo hupimwa kila kukicha katika fuo za Malindi na Watamu, ambako serikali ilitenga mbuga mbili za taifa ndani ya bahari mwaka wa 1968. Zilikuwa za kwanza za aina hiyo nchini Kenya, na ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa barani Afrika. Mgeni amekuja tangu hapo, tena kwa wingi. Je, mwenyeji naye amepona?

Kwa mtu wa bara aliyezoea Tsavo au Nakuru, mbuga isiyo na ua wala simba yaweza kuwa kitendawili. Ile ya Malindi ina eneo la kilomita mraba 6.3 na ya Watamu kama kilomita mraba 10. Zote mbili zimezungukwa na hifadhi kubwa ya kilomita mraba 213, ambayo ndani yake mna Hori ya Mida. Tofauti yake ni hii: ndani ya mbuga ni marufuku kabisa kuvua samaki, kuokota simbi au kuvunja matumbawe. Katika hifadhi, mvuvi aruhusiwa kutafuta riziki yake kwa zana za jadi kama mshipi na dema.

SAA YA KWENDA

Mwenye kutaka kustarehe baharini hana budi kuyajua maji kwanza. Huko Malindi mashua zenye kioo chini huondoka maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa wakati huo matumbawe huwa karibu na macho. Asiyejua kuogelea huketi kwenye ubao, akainama na kutazama kupitia kioo. Anayejua hukodi miwani na mrija wa kupumulia, akajitosa mwenyewe.

Hapo ndipo atakapowaona pono wenye rangi za kanga mpya wakiguguna miamba kwa midomo yao migumu, kikande akilinda shimo lake, na kundi la samaki wadogo wenye milia likipinduka mara moja kama lililoamrishwa. Pengine bahati ikimwangukia atakutana na kasa akila nyasi za bahari bila haraka.

Majira nayo yana neno lake. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mwani hujaa fuoni, ingawa ndio wakati ambao nyangumi hupita mbele ya Watamu, hasa Julai hadi Septemba. Kaskazi ikishavuma bahari hutulia. Lakini Malindi ina jambo lake la pekee. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini mwa mji huo, na mvua za vuli zikinyesha, upepo wa kaskazi huyasukuma maji yake mekundu kuelekea kusini mpaka kwenye matumbawe. Basi anayetaka maji maangavu na asubiri mto upungue, Januari hadi Machi.

Asiyependa kulowa naye hakusahauliwa. Mida pana daraja la mbao lililotundikwa juu ya mikoko, ambalo mtu hulipitia mpaka kwenye kibanda cha kuwatazamia ndege wa pwani, wengi wao wakiwa wamesafiri kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Ada ya daraja hilo husaidia kuwalipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vilivyo karibu na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo Dabaso, kikundi cha wenyeji kimejenga mkahawa wa mbao ndani ya mikoko na kufuga kaa. Magofu ya Gede, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024, nayo hayako mbali.

MIIKO NA MAANA YAKE

Wageni wengi hulalamikia miiko: usikanyage, usishike, usichukue. Yafaa waelezwe sababu. Tumbawe si jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na wadudu wadogo wasiohesabika, na lile la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Mtu mzima akisimama juu yake dakika moja apate kupigwa picha, aweza kuvunja kazi iliyoanzwa kabla hajazaliwa.

Kuna pia desturi ya kuwarushia samaki mkate ili wakusanyike chini ya mashua. Watoto hufurahi, na nahodha hupata bakshishi. Lakini mkate si chakula cha samaki. Wale wenye nguvu huwafukuza wenzao, na samaki aliyezoea kuomba huacha kazi yake mwambani. Kazi hiyo si ndogo. Kikande, kwa mfano, huwala wale wadudu wa miiba mirefu myeusi ambao wakizidi hukwangua mwamba mpaka ukabaki mtupu. Wataalamu waliochunguza pwani yetu wamegundua kwamba pale kikande alipovuliwa kupita kiasi, wadudu hao hutapakaa na matumbawe huchakaa.

RIZIKI YA NANI?

Sasa tugeukie swali letu. Mbuga hizi zilipotengwa, wavuvi walipoteza maeneo ambayo babu zao waliyavua bila kuomba ruhusa ya mtu. Hilo ni jeraha la kweli, wala si haki kulifunika kwa picha za fuo nyeupe. Baadhi yao waligeuka mabaharia wa mashua za watalii. Wengine walibaki na nyavu zao nje ya mpaka, wakiwatazama wageni wakiogelea na samaki ambao wao hawaruhusiwi kuwagusa.

Faida iliyopo ni kwamba samaki hajui mpaka. Akiongezeka ndani, huvuka nje, ndipo mvuvi hutega dema zake karibu na ukingo wa mbuga. Faida hiyo, hata hivyo, haiingii katika sufuria ya kila nyumba, na kazi ya utalii ni ya msimu.

Lipo funzo lingine kusini zaidi, huko Kuruwitu, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi. Mwaka wa 2005 wavuvi wa hapo, baada ya kuona samaki wakipungua, waliamua wenyewe kufunga kipande cha bahari yao cha hekta 30 hivi. Wakakiita tengefu. Hawakuamrishwa. Samaki walirejea, wageni wakafuata, na mwaka wa 2017 kazi yao ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Marufuku ni yale yale ya Malindi, ila mwenye kuyaweka ni yule yule aliyekuwa akivua. Mtu hulinda kwa moyo kile alichoshirikishwa kukiamua.

ADUI ASIYELIPA ADA

Juu ya hayo yote, yako maovu ambayo askari wa mbuga hawezi kuyazuia kwa mashua ya doria. Mwaka wa 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Mwaka wa 2016 joto likarudi. Nao udongo wa Sabaki hautoki Malindi. Mto huo huanza kwa jina la Athi karibu na Nairobi, hupita Ukambani, huvuka Tsavo ukiitwa Galana, na kila shamba lisilo na matuta huutilia sehemu yake. Mkulima asiyewahi kuiona bahari ana mkono katika uhai wake.

Kwa hiyo bustani hizi si za mtalii wa Ulaya peke yake. Raia hutozwa ada ndogo kuliko mgeni, na siku hizi malipo hufanywa kwa simu. Hata hivyo wako wazaliwa wa Malindi wenye mvi ambao hawajapata kutazama kilicho chini ya maji yao. Walimu na wawapeleke wanafunzi, na mabaharia wa zamani wapewe nafasi ya kuwafundisha majina ya samaki na ya pepo. Mtoto aliyemwona kikande akiwa hai mwambani ataelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini baba yake alikatazwa kumvua mahali pale. Na pengine siku moja atakaa katika kikao cha kuamua ni wapi papumzishwe na ni wapi pavuliwe.